Uzani wa Jirani

Uzani wa jirani hutikisa gurudumu lako.

Vijana waliokuwa wakimenya viazi vya harusi waliisikia methali hiyo kwa mpishi, wakamgeukia Bibi Ngailo kumuuliza ilikotoka. Bibi hakuweka kisu chini. Ilizaliwa barabarani, alisema, na aliyeizaa ni mtu aliyeijua kazi yake vizuri.

Huko nyanda za juu, chama cha wafugaji kilikuwa na madereva wawili wenye pikapu zao, Tweve na Luvanda. Tweve alikuwa amemwoa dada yake Luvanda. Walitaniana hadharani kama mashemeji, na kimyakimya wakapimana. Chama kikatangaza kwamba mmoja wao atapewa kazi ya kudumu ya kupeleka maziwa kiwandani mjini. Wote wangepeleka shehena siku moja, na ambaye maziwa yake yangefika salama ndiye angepewa kazi. Tweve aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote.

Njia yenyewe ilikuwa na tabia mbili: tope la mlimani, kisha lami ndefu. Tweve alichagua tairi kwa akili. Zenye meno kama ya trekta aliziacha, kwa kuwa zingenguruma na kutetema kwenye lami. Za lami tupu nazo aliziacha, maana zingeteleza topeni. Alinunua za njia zote, za kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa gari, zenye uwezo wa kubeba mzigo wake, akasoma ubavuni hata mwaka zilipotengenezwa. Luvanda akaja akanunua zilezile.

"Hana akili yake mwenyewe," Tweve alimwambia mkewe.

"Si kakusifu?" mke akajibu.

Walizipeleka kwa fundi Mahenge. Fundi alizungusha kila gurudumu kwenye mashine. Upande uliokuwa mwepesi akaubania kipande kidogo cha uzani ukingoni mwa rimu, ili gurudumu lizunguke bila kutikisika. Magurudumu ya Tweve yalitosheka na kipande kimojakimoja. Ya Luvanda yalichukua muda. Fundi alibana, akazungusha, akaongeza, akazungusha tena, mpaka ukingo ukawa kama ushanga.

"Mbona mimi kimoja?" Tweve aliuliza.

"Mashine inasoma sifuri, kaka. Uko sawa."

"Na shemeji?"

"Naye sasa yuko sawa."

Jibu hilo lilimchoma. Kama wote wako sawa, kwa nini mmoja aongezwe? Alikumbuka namna mama mkwe anavyompakulia Luvanda minofu, na yeye mkwe akaletewa mchuzi. Fundi alipokwenda kupokea simu, Tweve alichota vipande kwenye debe la vile vilivyobanduliwa kwenye magurudumu ya zamani. Nyumbani akavigongelea kwa nyundo kwenye magurudumu yake ya mbele, mahali palepale alipoviona kwa Luvanda. Akasimama akatazama. Roho ikatulia.

Siku ya safari, topeni hakuhisi kitu, kwa kuwa alikwenda polepole. Kwenye lami, alipoongeza mwendo, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwake. Alipopunguza mwendo, ukatulia. Lakini mbele yake aliiona pikapu ya Luvanda ikiteleza kama imepakwa mafuta, akaongeza mwendo tena. Nyuma, madumu ya maziwa yaligongana mpaka mjini.

Mpokeaji wa kiwanda, mama mmoja mwenye aproni nyeupe, alifungua dumu la kwanza, akachota kwa upawa. Chembe za njano zilielea juu.

"Kaka, tuliagiza maziwa. Siagi tunatengeneza wenyewe."

Alifungua la pili na la tatu. Yote yalikuwa vilevile. Maziwa ya Luvanda yakapokelewa, na kazi ikawa yake.

Luvanda hakucheka. Aliinama kwenye gurudumu la Tweve, akapitisha kidole ukingoni.

"Shemeji, hivi umevitoa wapi?"

"Wewe ulipewa vingi," Tweve alisema.

"Nilipewa? Unakumbuka gari lilipobiringika kule bondeni? Rimu zangu zimepinda tangu siku ile. Fundi alikuwa anaziba ubovu. Kila kipande unachokiona pale ni kasoro yangu moja."

Tweve akageuka kuyatazama magurudumu ya shemeji yake.

"Nilisimama pale kwa fundi," Luvanda akaendelea, "nikitazama kipande chako kimoja. Nikasema moyoni, huyu bwana kabahatika, magurudumu yake mazima. Nilikuonea wivu mpaka nikaona haya."

Tweve alichukua bisibisi, akapiga magoti mbele ya watu wote, akaanza kuvibandua kimoja kimoja. Wapakuzi wa kiwandani walipomuuliza anafanya nini, alijibu bila kuinua kichwa:

"Uzani wa jirani hutikisa gurudumu lako."