Nani Awashe Tanuri Jipya?

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana betri za magari zilikuwapo, palikuwa na karakana ya wahunzi kumi na wawili. Mkubwa wao alikuwa Fundi Mwinchande. Walivunja betri mbovu, wakatoa madini ya risasi yaliyomo, wakayayeyusha tanurini. Walifanya kazi kwenye moshi, wakala kwenye moshi.

Basi maradhi yakaingia. Huyu tumbo linamsokota, yule mikono inatetemeka, mwingine kasahau jina la mwanawe. Mwinchande akasema, "Hiki ni kijicho cha watu." Akaleta mganga. Mbuzi akachinjwa, matumbo yakaendelea kusokota.

Somoe, mke wa mhunzi mmoja, akaona jambo. Wiki ya tanuri, mumewe hulala amejikunja. Wiki ya kufua majembe, hula akashiba. Akaanza kuchora mistari ya mkaa mlangoni, mstari mmoja kila siku ya maumivu. Baada ya miezi mitatu akamwendea muuguzi Nyamizi. "Dada, njoo uusome mlango wangu."

Nyamizi akausoma, akaenda karakana kuomba damu za wahunzi akazipime. Mwinchande akamfukuza. Akarudi, akafukuzwa. Akarudi tena, amelowa mvua, na safari hii wahunzi wenyewe wakamnyooshea mikono. Majibu yakaja: damu zote zina sumu ya risasi.

Mwinchande akabisha. "Labda ni maji ya kisima!" Moyoni aliogopa, kwani tanuri lile lilijengwa na marehemu babake.

Ikabidi hewa nayo ipimwe. Nyamizi akaleta kipimo cha kuvaa shingoni, kinachovuta hewa anayoivuta mhunzi. Nani akivae pale penye moshi mwingi? Mhunzi mmoja, Kitunga, akakichukua, naye ndiye aliyekuwa na damu mbaya kuliko wote.

"Wewe usikaribie moto," Nyamizi akamkataza.

"Pale ni mahali pangu, dada. Nikimwachia mwingine, ataugua yeye."

Akakivaa siku tatu. Kipimo kikasema kweli: sumu imo moshini. Lakini mkono wa kulia wa Kitunga ukalegea, haukuinua nyundo tena.

Mwinchande alipouona mkono ule ukining'inia, akalia mbele ya watu. Akalibomoa tanuri la babake, tofali kwa tofali. Likajengwa jipya lenye bomba refu la moshi, na pa kulia chakula pakawekwa mbali. Damu zikawa zinapimwa kila baada ya miezi mitatu. Polepole matumbo yakatulia.

Ikafika siku ya kuliwasha. Desturi ya wahunzi wale ni kwamba huwasha mtu mmoja tu, na tanuri huitwa kwa jina lake, vizazi na vizazi.

Somoe akasema, "Mimi sikusoma, lakini bila mistari yangu mngekuwa mngali mnachinja mbuzi."

Nyamizi akasema, "Mistari ilionyesha maumivu. Sumu niliitaja mimi, nanyi mlinifukuza mara mbili."

Wenzake Kitunga wakamsemea, "Damu ilipimwa, na tanuri likaendelea kuwaka. Lilizimwa na mkono huu."

Mwinchande alisimama na kijinga cha moto. Akamtazama Somoe, akamtazama Nyamizi, akautazama mkono wa Kitunga. Kila alipopiga hatua kumwelekea mmoja, moyo ulimvuta kwa mwingine, na kijinga kilizidi kuwa kifupi.

Haya, wenzangu mliokaa hapa, msaidieni fundi kabla hakijamuunguza vidole. Je, nani alistahili kupewa moto ule?