Kishikwambi cha Mwanasiti

Palikuwa na mshonaji wa Pangani, Mwanasiti, aliyenunua kishikwambi cha bei poa, akafuta programu zilizokijaza na kuweka za mitindo ya nguo. Kilipoanza kufanya kazi kwa wepesi, mwenye nyumba wake, Bwana Shekue, akakichukua na kumwambia mwenyekiti wa mtaa ni chake.

“Sibishi,” alisema Mwanasiti mbele ya mwenyekiti. “Ila nilitia programu ya kunasa wezi. Imerekodi maneno yote ya aliyenacho tangu jana, na adhuhuri itayatuma kwa mkewe. Mwenye kishikwambi anajua pa kuizima.”

Shekue alitazama saa, kisha akamsogezea kishikwambi.

“Izime, dada. Kishikwambi ni chako.”

Njiani mwenyekiti akaulizia programu hiyo.

“Niliijaribu, ikagoma,” alisema Mwanasiti. “Maikrofoni ilikufa siku niliyokinunua.”