Mpangaji wa Mzee Ngiri

Hadithi iko nje, inataka kuingia.

— Ipisheni, iingie.

Imetoka mbali, ina vumbi miguuni.

— Tutaikaribisha hivyo hivyo.

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, leo sikuja kuwachekesha.

Alikuwepo Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayeweza kulala ndani ya kiatu na nafasi ikabaki. Alikuwa akisomea uganga. Kwao walifundisha mizizi, lakini magome ya miti yalifundishwa mji mmoja tu, Mashimoni, ng'ambo ya mito miwili. Ukoo ukakaa, ukakubaliana binti aende muhula mmoja. Kila nyumba ikatoa kumbikumbi wakavu, mama yake akawatia kifukoni akamfungia mgongoni. "Mwanangu," alimwambia, "hiki ni chakula cha watu waliojinyima. Usikichezee."

Sange akaenda, akaenda, akaenda mpaka Mashimoni. Chuoni akapokewa vizuri, ila Mwalimu Kobe akamweleza mapema. "Bweni hatuna. Tafuta chumba mwenyewe. Mwezi ukiandama nawe huna pa kulala, nitakurudisha kwenu. Bundi wa hapa hula wageni, nami nimechoka kupeleka tanzia."

Akatafuta. Shimo hili limejaa. Shimo lile hawataki wageni. Shimo jingine wakamuuliza, "Nani hapa mjini anakujua?" Nani amjue, naye kaja jana? Akawa analala chini ya jani, macho wazi, akisikia mabawa juu yake, fuu, fuu. Aliogopa, na alimkumbuka mama yake.

Mwezi ulipokaribia kuandama, akakutana na Mzee Ngiri, mwenye meno yaliyopinda, mwenye mashimo kilima kizima.

"Unatafuta chumba, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Natafuta."

"Marahaba. Ninacho kimoja, kikavu, karibu na chuo. Chungulia tu, usiingie, nimeshafagia. Wanaokitaka ni wengi. Acha hicho kifuko kiwe amana ya chumba, kisha ukachukue vitu vyako."

Tangu avuke ile mito hakuna aliyemwita mwanangu. Sange akafungua kifuko mgongoni, akakitoa.

Aliporudi alimkuta Ngiri ndani ya shimo, meno yametokeza mlangoni.

"Hodi, Mzee Ngiri."

"Nani?"

"Mpangaji wako."

"Sina mpangaji. Nina meno."

Akapiga hodi tena. "Sina mpangaji. Nina meno."

Pembeni alikuwa amekaa Nungunungu, mwanafunzi mgeni kama yeye. "Usijisumbue, dada," akamwambia. "Mimi nilitoa viazi vyangu kwa shimo hilo hilo. Kindi alitoa karanga. Kicheche alitoa mayai. Wote tunalala nje, na mashimo yake mengine ameyaziba kwa mawe."

"Twendeni tukamshitaki kwa mzee wa mtaa."

"Mzee wa mtaa ni yeye."

Kutwa nzima Sange alikaa nyasini akimwangalia Ngiri anavyoishi. Akaona jambo ambalo kila mtu pale alikuwa akiliona bila kulitia maanani. Ngiri hutoka kichwa mbele, lakini huingia kinyumenyume, kwaruu, kwaruu, ili meno yalinde mlango. Ndivyo waingiavyo ngiri wote, toka mababu zao. Yaani kila arudipo hatazami anakoingia.

Kesho yake Ngiri alipokwenda malishoni, Sange akamwambia Nungunungu, "Kaka Nungu, ingia ulale. Mgongo uuelekeze mlangoni."

"Nitamuumiza."

"Wewe hutamfanya kitu. Wewe utalala tu."

Jua likashuka. Ngiri akarudi, kashiba, akageuka, akaanza kurudi nyuma. Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Chwi! Kilio chake kilisikika hadi sokoni. Akatoka mbio, miiba imemjaa makalioni, na Nungunungu akaomba radhi, maana alikuwa amelala kweli.

Sasa tazama. Kukaa, hawezi. Kulala, hawezi. Kuingia kinyumenyume, hawezi, na kuingia kichwa mbele ni kumwachia chui mkia wake. Ngiri akalala nje. Hata bundi walikuja kumwangalia.

Kulipokucha akajikokota hadi chuoni. Mwalimu Kobe akasema, "Kucha zangu zitaikatia miiba ndani. Hapa panataka mikono midogo." Akamwita Sange.

Ngiri ilimbidi awape mgongo. Yeye, ambaye hakuna aliyewahi kuuona mgongo wake kwa muda mrefu, alisimama mbele ya wanafunzi wote.

"Nani huyo nyuma yangu?" akauliza.

"Mpangaji wako."

Sange akashika mwiba wa kwanza.

"Mwiba huu ni shimo la Kindi," Sange akasema.

"Achukue."

Pwa, ukatoka.

"Huu ni shimo la Kicheche."

"Achukue."

Pwa. Ukafuata wa Nungunungu, ukafuata wa Sange mwenyewe. Kisha akasema, "Huu ni kifuko changu."

"Nilishakila."

Chakula cha ukoo mzima. Akalia pale pale, pua kwenye mgongo wa Ngiri, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akaing'oa miiba yote iliyosalia isipokuwa mmoja.

"Huu unabaki. Ni amana yangu. Nitautoa siku nitakayoondoka."

Toka hapo, kila asubuhi Ngiri alichimbua kumbikumbi kwa pua yake mwenyewe, akawaletea wanafunzi mlangoni huku akichechemea. Sange akasoma magome yote. Muhula ulipokwisha akautoa ule mwiba, akapaka dawa, akaaga.

Alipofika kwao mama yake akamuuliza, "Wenyeji wa huko walikuwaje?"

"Wema, mama. Mwenye nyumba alikuwa akiniletea chakula kila asubuhi."

Mama akafurahi mno. "Basi mwakani tutampeleka na mdogo wako, akae kwa mzee huyo huyo."

Sange akautoa ule mwiba, akampa mdogo wake.

Funzo ni hili, mlishike: ukienda ugenini mwamini mwenye nyumba, mpe ulicho nacho chote, wala usimwulize neno. Wenye nyumba wana huruma sana.

Yangu yameishia hapo. Anayeyataka ayachukue, asiyeyataka aniachie niondoke nayo.