Pembe Isiyotiwa Alama

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Wakubwa hugombea cheo, jeraha likamwendea asiye na cheo chochote. Hayo ndiyo yaliyomfika Emil Drozd, mkata karatasi wa kiwanda kimoja cha uchapaji mjini Philadelphia.

Kiwanda kilichapa kadi za wachezaji wa besiboli, zile ambazo watoto huzikuta ndani ya pakiti za chingamu. Kadi zaidi ya mia huchapwa kwenye karatasi moja pana. Emil huzipanga karatasi rundo zima, huzigonga zilingane kwenye pembe moja, kisha hushusha kisu. Pembe hiyo, ambako vipimo vyote vya kukatia huanzia, wachapaji huitia alama ya kalamu nyekundu. Bila alama, mkataji ni kipofu. Tangu mkewe Wanda azikwe, kazi hii tu ndiyo iliyomtoa Emil kitandani asubuhi.

Mwaka huo bwana Haggerty wa uchapaji na bwana Lindquist wa ukataji walikuwa wanawania kiti cha umeneja, hata salamu hawapeani. Siku moja rundo likaja halina alama.

"Bosi," Emil alimwambia Lindquist, "nishuke niwaulize wachapaji pembe ni ipi?"

"Umbembeleze Haggerty? Ili akatambe hatujui kazi? Kata kama jana!"

"Na kama wamebadilisha?"

"Emil, unalipwa kukata au kuhutubu?"

Emil akazigonga karatasi kwenye pembe ya jana. Kisu kikashuka, rundo baada ya rundo, hadi Dolores, mfunga pakiti, alipopiga ukelele: "Yesu na Maria! Mzee Emil, huyu mchezaji kichwa chake kimehamia kadi ya jirani!"

Kumbe Haggerty alibadilisha pembe, akawakataza vijana wake kutia alama. "Waache hao mabingwa wabahatishe," alisema.

Mwenye kiwanda alipofika, mafahali wakapatana kwa mara ya kwanza.

"Macho yamemwisha, masikini," alisema Lindquist.

"Tangu ule msiba wake hayuko sawa," akadakia Haggerty.

"Lakini niliuliza!" alisema Emil.

"Nani alikusikia?" aliuliza Lindquist.

Dolores, aliyekuwa amesikia yote, akainamisha kichwa. Naye alikuwa na watoto wa kulisha.

Emil akaachishwa kazi; akavua aproni, akaitundika kwenye mashine. Mfukoni alitia kadi moja tu iliyoharibika: nusu ya mchezaji huku, nusu ya mwenzake kule, mstari mweupe katikati, na wote wawili wanatabasamu.

Haggerty alipata umeneja, Lindquist akaongezewa mshahara. Emil alipata asubuhi ndefu zisizo na pa kwenda. Kweli, fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.