Mvi Tatu za Mwanamvua

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mnayo?

Tunayo!

Na vichwa?

Tunavyo!

Basi vishikeni kwa mikono miwili, maana hadithi ya leo inatembea juu ya nywele. Na wewe Kheri, ondoa mguu kwenye mkeka wangu.

Hapo kale palikuwa na kijiji kiitwacho Makomeoni. Kilizungushiwa ua wa miiba mirefu, na ua ule ulikuwa na mlango mmoja tu. Jua likizama, mlango ulifungwa kwa makomeo matatu. Kwa nini? Kwa sababu ya mazimwi, wajukuu zangu. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi mazimwi ya huko hayakumjua mtu. Yalikula, yakamaliza, yakalamba na sahani.

Tena yalikuwa hodari wa kujigeuza. Zimwi liliweza kuja na uso wa mjomba wako, na sauti ya shangazi yako, na kikohozi cha babu yako. Kitu kimoja tu kiliyashinda. Zimwi halioti mvi. Huzaliwa na nywele nyeusi, na hufa na nywele nyeusi.

Ndiyo maana mlango ule ulikuwa na tundu. Aliyechelewa kurudi aliingiza kichwa tunduni, na walinzi wakamulika utosi wake kwa kijinga cha moto. Ana mvi? Mtu huyo, afunguliwe. Hana mvi? Abaki huko huko nje mpaka kuche. Kwa hiyo vijana walirudi mapema, jua lingalipo. Na mtu akiota mvi yake ya kwanza, kijiji kilimpikia uji wa mchele, kikampa kigoda, akawa na zamu ya kulinda mlango.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke jina lake Mwanamvua. Si mwali, si bibi, yuko pale katikati. Binti yake mkubwa alikwisha kuolewa, na kitinda mimba wake, Mboni, ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Na nywele alikuwa nazo! Nyingi, nyeusi, zinang'aa mafuta ya nazi. Ngoma ikipigwa, yeye ndiye aliyetangulia mbele, naye alijua fika kwamba wa nyuma wanamtazama kisogo.

Siku moja alikaa barazani, anasukwa na shoga yake Mwanakombo. Mwanakombo akachambua, akapaka mafuta, akagawa mistari. Mara mkono ukasimama.

"Mh!"

"Mh nini?"

"Hamna kitu, shoga."

"Mwanakombo, mh nini? Chawa?"

"Afadhali angekuwa chawa," akasema Mwanakombo. "Chawa huuawa yakaisha. Shoga yangu, una mvi."

Mwanamvua akapiga ukelele! Kuku wakaruka, mbuzi wakakata kamba, watu wakaja mbio na marungu wakidhani kaumwa na nyoka.

"Yuko wapi?"

"Yuko kichwani," akajibu Mwanakombo. "Si nyoka, ni mvi. Na si moja, jamani. Njooni muone. Moja, mbili, tatu!"

Marungu yakashushwa, vigelegele vikapigwa. Kila mtu akaja kuchungulia, mpaka na watoto wakanyanyuliwa wapate kuona. Bi Kirembwe, mkuu wa walinzi, ambaye kichwa chake kilikuwa cheupe pe, akamshika mkono.

"Hongera mwanangu! Kesho tunatwanga mchele wa uji. Kigoda chako kiko tayari."

Mwanamvua alikuwa ameduwaa. Moyoni akasema, mimi? Mimi niliyecheza ngoma juzi mpaka wapigaji wakachoka? Mimi nikae kigodani na kina Bi Kirembwe, tuulizane habari za magoti? Aliona kama ameibiwa kitu mchana kweupe, na watu wanamshangilia mwizi.

Kesho yake alasiri, wenzake wakitwanga, akabeba mtungi akaenda kisimani peke yake, nje ya ua. Hakutaka kusikia ile michi. Mumewe, Faki, alikuwa shambani akiwinga nguruwe. Nyumbani alibaki Mboni.

"Mama, mlango nifunge?"

"Rudishia tu, mwanangu. Narudi sasa hivi tunywe uji."

Alipofika kisimani akamkuta mwanamke mgeni amekaa juu ya jiwe. Mzuri huyo! Nywele nyeusi mpaka kiunoni, na chanuo mkononi.

"Dada, mbona umenuna?" akauliza yule mgeni.

"Nimeota mvi."

"Basi umekutana na msusi. Kaa hapa mbele yangu. Mvi ni uzi tu, nipe mimi nikutue."

Mtu mwenye akili zake angeuliza, wewe ni wa wapi? Umepitia njia gani? Mwanamvua hakuuliza. Alikaa chini, akainamisha kichwa.

Msusi akaing'oa ya kwanza.

"Ai!"

"Pole, dada. Nyumbani umemwacha nani?"

"Kitinda mimba wangu, Mboni."

"Mvi ni uzi tu, nipe mimi nikutue." Akaing'oa ya pili.

"Ai!"

"Pole, dada. Na mlango kaufunga?"

"Karudishia tu."

"Mvi ni uzi tu, nipe mimi nikutue." Akaing'oa ya tatu.

"Ai!"

"Pole, dada. Na anakungoja kwa lipi?"

"Kwa uji."

Mwanamvua akapapasa kichwa, akacheka kwa furaha. Alipogeuka kushukuru, akaona kitu. Zile mvi hazikutupwa. Msusi alikuwa akizikunja polepole ndani ya jani, moja, mbili, tatu, kwa adabu kabisa.

"Unazipeleka wapi, dada?"

Msusi akainuka, akampa mgongo. Upepo ukapita, ukainua zile nywele ndefu, na kisogoni, wajukuu zangu, palikuwa na mdomo. Mdomo mwekundu wenye meno. Ukajilamba, ukasema, "Uji!"

Mwanamvua hakukumbuka mtungi. Hakukumbuka kata. Alikimbia kanga ikimponyoka, akaiacha huko huko, akakimbia na ya ndani. Jua nalo likakimbia, likamshinda. Alipofika, mlango umefungwa. Akaingiza kichwa tunduni.

"Nifungulieni! Mimi Mwanamvua! Zimwi liko kisimani!"

Bi Kirembwe akaleta kijinga cha moto. Akamulika huku, akamulika huku. Kisha akasema, "Mvi ziko wapi?"

"Nimezing'oa, Bi Kirembwe! Nimeng'olewa!"

"Mwanamvua ana mvi tatu," akasema Bi Kirembwe. "Kijiji kizima tumeziona kwa macho yetu. Wewe huna hata moja. Nenda zako, zimwi wee!"

"Bibi, ni mimi! Si unaisikia sauti yangu?"

"Sauti mnaziiga."

"Si ulinishika mkono jana?"

"Na mikono mnaiiga. Toa kichwa chako kabla sijakimwagia uji wa moto. Na huo uji ni wa Mwanamvua, haramu nikuonjeshe."

Mwanamvua akatoa kichwa, akasimama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. Uji wake unachemka ndani, harufu anaisikia, naye anafukuzwa nao. Hajakaa vizuri, akasikia nyayo. Tii, tii, tii. Akajitupa nyuma ya kichaka.

Likaja zimwi. Lilikuwa na uso wa Mwanamvua. Lilikuwa na kanga ya Mwanamvua, ile aliyoiangusha. Lilikuwa na mtungi wa Mwanamvua begani. Mwanamvua akajiona anapita mbele yake mwenyewe, akaziba kinywa kwa mikono yote miwili.

Zimwi likaingiza kichwa tunduni.

"Nifungulieni. Mimi Mwanamvua. Mboni wangu ananingoja kwa uji."

Bi Kirembwe akamulika. "Moja, mbili, tatu. Ndizo! Karibu mwanangu, umechelewa, hapa kuna zimwi limejaribu kujifanya wewe."

"Lo! Mazimwi hayana haya," likasema zimwi.

Komeo la kwanza likavutwa. Mwanamvua akataka kupiga kelele, sauti haikutoka.

Komeo la pili likavutwa. Akataka kuinuka, miguu haikumtii. Akilini aliuona ule mlango wa nyumba yake uliorudishiwa tu. Alimwona Mboni na bakuli lake. Na nani kamwambia zimwi yote hayo? Ni yeye, kwa kinywa chake, kwa ajili ya nyuzi tatu. Kichwa kikamsisimka, kikawa baridi kama kimemwagiwa maji ya kisima, baridi ikashuka mpaka visiginoni.

Bi Kirembwe akashika komeo la tatu. Hapo ndipo sauti ikatoka, nayo ikatoka yote.

"Mvuteni nywele! Bi Kirembwe, mvuteni nywele! Mtu akivutwa husema ai!"

Bi Kirembwe alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Akaacha komeo, akashika mvi ya kwanza, akavuta. Ikatoka, na utomvu wa mti umeganda kwenye ncha. Zimwi kimya.

Akavuta ya pili. Ikatoka na utomvu. Zimwi kimya, linatabasamu.

Akavuta ya tatu. Ikatoka, utomvu ukazoa na nywele za kisogoni, zikafunuka, na ule mdomo wa nyuma, ambao haukuwahi kufundishwa adabu, ukasema, "Uji!"

Walinzi wakaruka! Mmoja akakaa ndani ya kinu. Zimwi likaghadhibika, na zimwi likighadhibika hufura. Likafura, likafura, likafura, kichwa kikanasa tunduni. Walinzi wote wenye mvi wakaja na michi. Wajukuu, mmeona mchele unavyotwangwa? Basi. Zimwi likavuta, likang'oa mlango mzima, likakimbia nao shingoni porini huku mdomo wa nyuma ukilia njaa. Halikurudi tena.

Sasa pamebaki uwazi, na katikati ya uwazi amesimama mwanamke mmoja. Michi ikainuliwa tena.

"Na wewe je?" akauliza Bi Kirembwe. "Inama."

Mwanamvua akainama. Alijua hana kitu. Zote tatu zimekwenda, na zilizobaki ni zile nyeusi alizozipenda, na hizo ndizo zitakazomuua mbele ya mlango wa kwao. Akafumba macho, akangoja mchi.

Kijinga cha moto kikasogezwa.

"Lahaula!" akasema Bi Kirembwe.

Kichwa chote kilikuwa cheupe. Utosini, kipajini, kisogoni, cheupe kama pamba iliyopasuka. Bi Kirembwe akashika unywele mmoja, akavuta.

"Ai!"

Akavuta wa pili.

"Ai!"

Akavuta wa tatu.

"Ai! Bibi, utazimaliza!"

"Huyu ni mtu!" akasema Bi Kirembwe, na michi ikaanguka chini. Mwanakombo akaja mbio, akamkumbatia shoga yake, akalia kwa makamasi.

Na Mboni akaja. Alikuwa amesikia kelele, bakuli bado liko mkononi. Akasimama mbali, akamtazama yule mwanamke mwenye kichwa cheupe.

"Mama?"

"Ndiye mimi."

"Nywele zako zimekuwa hivi lini?"

"Sasa hivi. Nilipodhani sitakuona tena."

Mboni akasogea, akazigusa kwa kidole. "Zinauma?"

"Ukizing'oa," akasema Mwanamvua. "Ukiziacha haziumi."

Akanywa uji wake. Akapokea kigoda chake. Nyumbani akajitazama ndani ya beseni la maji, akashtuka upya, akalia. Mwacheni alie, ni haki yake, zile nyeusi alikuwa nazo tangu kuzaliwa. Lakini ngoma iliyofuata alitangulia mbele vile vile, kilemba hakufunga, na wa nyuma wakamtazama kisogo kuliko zamani.

Mlango mpya ukatengenezwa, wenye tundu vile vile, na tangu hapo Makomeoni hawamuliki tu. Huvuta. Na zamu ikiwa ya Mwanamvua, huvuta kwa nguvu kidogo.

Siku moja Mboni alikuwa anamsuka mama yake pale kigodani. Akachambua, akapaka mafuta, akagawa mistari. Mara mkono ukasimama.

"Mh! Mama, huku nyuma una unywele mmoja mweusi. Niung'oe?"

"Uache," akasema Mwanamvua. "Utawafuata wenzake."

Hadithi yangu imeishia hapo, kigodani. Watu husema utu uzima dawa, nami naongeza langu: mvi ikija usiifukuze, maana hujui ni mlango gani itakuja kukufungulia. Na wewe Kheri, acha kunichungulia chini ya kilemba. Ukitaka kujua kama bibi yako ni mtu, omba ruhusa kwanza, kisha vuta mmoja tu.