Shimo la Makumbi Mbele ya Hoteli

Bi Mize alipostaafu ukunga, watoto wake walimwuliza angependa kupelekwa wapi kupumzika. Hakusita. Alitaja hoteli moja ya kisiwani, ufukweni, ambayo picha yake ilikuwa imebandikwa jikoni kwake siku nyingi. Watoto walidhani mama yao amependa lile bwawa la kuogelea. Hakuwaambia kwamba pale penye bwawa ndipo iliposimama nyumba aliyozaliwa.

Walifika mchana wa jua kali. Wakafungwa utepe wa hoteli mkononi na kupewa maji ya dafu. Hidaya, binti yake, akajilaza juu ya kitanda cha kuotea jua.

"Mama, njoo ulale. Si tumekuja kupumzika?"

"Kulala hata nyumbani nalala," akajibu Bi Mize. Alikuwa anatazama bahari, anangoja maji yapwe.

Zamani ufuo ule haukuwa wa kulalia. Ulikuwa wa kazi. Wanawake walichimba mashimo kwenye tope, wakafukia makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, na kuyazungushia mawe yasichukuliwe na bahari. Baada ya miezi mingi, yakishalainika, waliyafukua na kuyapiga kwa magongo mpaka ukabaki usumba wa kusokotea kamba. Ufuo mzima ulikuwa magongo na vicheko. Harufu yake ilikuwa kali, iliingia hata kwenye nguo za sikukuu. Ukubwani Bi Mize aliitamani harufu ile kuliko uturi.

Kila nyumba ilikuwa na shimo lake, na shimo la mtu halikuguswa. La mama yake Bi Mize, Mwanakombo, lilijulikana kwa jiwe kubwa lenye tundu, lililowekwa upande wa kibla.

Msimu mmoja Mwanakombo alifukua akakuta makumbi yamepungua. Akamshuku jirani yake, Jokha, aliyekuwa bado bi harusi. Akamtukana mbele za watu, na tangu siku ile hawakusemezana tena. Haukupita muda, Mwanakombo akahamia bara kwa kaka yake. Kabla ya kuondoka alifukia makumbi mapya, akamwambia Mize, wakati huo msichana mdogo, "Tutarudi kuyafukua. Lakini ujue, tukitoa mguu tu, Jokha atalikalia shimo letu."

Hawakurudi. Mwanakombo alikufa na neno lile mdomoni. Bi Mize alilibeba kama urithi, na sasa alikuwa amekuja kuhakikisha.

Maji yakapwa. Bi Mize akavua viatu, akapita katikati ya miavuli na wageni waliolala kifudifudi. Ufuo ulikuwa umesafishwa. Mashimo yote ambayo zamani yalijipanga mpaka kwenye mikoko hayakuwapo. Kisha akaona duara moja tu la mawe, na upande wa kibla jiwe lenye tundu.

Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Mlinzi wa hoteli, kijana aitwaye Pandu, akaja mbio.

"Bi mkubwa, hapo hapachimbwi! Sisi wenyewe tumekatazwa."

"Mimi mgeni wenu. Huuoni utepe?"

"Hata ungevaa tepe mikono yote miwili. Bi Jokha akikukuta hapo, atatuchamba kwa matusi mimi na wewe."

Bi Mize akalikumbuka lile neno. Kumbe mama yake alisema kweli!

Akaongeza kasi. Chini ya tope vidole vyake vikagusa makumbi, tena hayakuwa ya zamani. Yalikuwa ya msimu huu.

"Wewe! Nani anafukua makumbi ya watu?"

Alikuwa bibi kizee aliyepinda mgongo, kikapu mkono mmoja na jembe mkono wa pili.

Bi Mize akasimama, mikono imejaa tope. "Ya watu gani?"

"Ya Mwanakombo!" akafoka yule bibi. "Yana mwenyewe. Hayupo, lakini yana mwenyewe."

Bi Mize akasema polepole, "Mwanakombo amekufa, Bi Jokha."

Jembe likashuka. "Innalillahi. Basi ana mwanawe, Mize."

"Ndiye mimi."

Bibi akamtazama uso mzima. "Mbona umechelewa hivyo, mwanangu?"

Wakakaa juu ya mawe. Bi Jokha akamweleza kwamba hoteli ilipojengwa, wanawake waliombwa waondoe mawe yao, wageni wapate kuogelea. Yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, akaruhusiwa kubakiza shimo moja.

"Ukabakiza hili? Na lako?"

"Langu nilikuwa na haki ya kulitoa. La mama yako ningelitoaje? Nimwombe ruhusa, naye hasemi nami?" Akacheka kwa fizi. "Shimo likikaa tupu, mchanga hulifuta. Kwa hiyo kila msimu nafukia, nafukua, nafukia tena. Kamba nimezitumia. Huo ujira wangu, usinidai."

"Na yale aliyosema ulimwibia?"

"Msimu ule bahari ilichukua yake na yangu. Yeye alipiga kelele, mimi nilinyamaza. Nilikuwa mgeni wa ndoa, ningejibu nini?"

Hidaya akafika, ameziba pua. "Mama, kitu gani kinanuka hivi?"

"Kwetu," akasema Bi Mize, machozi yanamtiririka. "Vua viatu, uje umwamkie bibi yako."

Bi Jokha akamkabidhi Bi Mize jembe. "Fukua mwenyewe. Mimi nilikuwa nakushikia tu."

Funzo: Chako una hiari ya kukitoa, lakini cha mwenzako aliyeondoka ni amana, hata kama mliachana kwa ugomvi. Wala usirithi chuki ya wazazi wako kabla hujaenda kumsikiliza waliyemchukia.