Joho la Bibi na Kamba ya Hineawa

Paukwa!

Pakawa!

Leo mmeitikia kama watu walioshiba. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, huko kusini ya mbali katika nchi ya Wamaori, alikuwako msichana hodari wa kusuka, jina lake Hineawa. Mdogo wake, Tamahae, alikuwa hasikii la mtu. Siku moja alishuka chini ya genge la pwani kuokota kome, akateleza, akavunjika mguu. Maji yakaanza kujaa.

Juu ya genge palikuwa na shina moja tu la harakeke, mmea unaofanana na mkonge, wa kusokotea kamba. Wamaori hawaukati ovyo. Jani la katikati ni mtoto. Mawili yanayomkumbatia ni baba na mama. Ya nje ni mababu, na hayo tu ndiyo hukatwa, maana mtoto akikatwa mmea wote hufa.

Hineawa akakata mababu wote. Akasokota, akasokota, akasokota. Akateremsha kamba, ikaishia juu ya kichwa cha Tamahae, naye maji yamemfika kifuani.

Mjomba wao, Ruatahi, aliyekuja mbio, akashika gome la kome lenye makali.

"Kata yote," akasema. "Mtoto wa jani na mtoto wa dada yangu, yupi mkubwa?"

Hineawa akauzingira mmea kwa mikono. Hakubanduka. Ndipo harakeke ikanena.

"Hineawa, hilo joho ulilovaa lilitoka wapi?"

"Kwako. Bibi alilisuka kwa nyuzi zako."

"Alimwacha mtoto?"

"Alimwacha."

"Ndiyo maana leo umenikuta."

Lile joho ndilo pekee alilobakiwa nalo la marehemu bibi yake. Alilivua, akalifumua huku analia, akasokota, akasokota, akasokota. Mjomba naye akaweka gome chini, akaja kusokota. Safari hii kamba ilifika. Tamahae akajifunga kiunoni, wakamvuta hadi juu.

Alipopata pumzi, akamuuliza dada yake mbona anatetemeka, na joho la bibi liko wapi.

"Umejifunga nalo," Hineawa akamjibu.

Miaka ikapita, jani lililokuwa mtoto siku ile likawa babu, na Hineawa akajisukia joho jipya. Tamahae alibaki anachechemea. Kila aliyekuja kukata harakeke alimkuta amekaa palepale.

"Mababu, chukua," alimwambia. "Ukimtaka mtoto, anza na mimi."

Hadithi yangu naiacha hapo, pembeni ya Tamahae.